Kutoka Walkman hadi Ngendanwa: Asili na Majina ya Kicheza Muziki cha Kubebeka na Funzo lake kwa Istilahi za Kiswahili nchini Burundi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi kifaa kimoja cha matumizi ya kawaida, yaani kicheza muziki cha kubebeka, kilivyopewa majina katika lugha zinazokutana mjini Bujumbura. Majina matatu yanalinganishwa: Walkman, lililobuniwa na kampuni ya kibiashara; baladeur, lililopendekezwa na dola ya Ufaransa; na ngendanwa, neno la Kirundi ambalo leo linaitambulisha simu ya mkononi, kifaa kilichorithi kazi ya kicheza muziki. Hoja kuu ni kwamba jina linalotaja uhusiano wa mtu na kifaa hudumu kuliko jina linalotaja malighafi au umbo lake, na kwamba wakati wa kutolewa kwa jina una uzito sawa na ufasaha wake. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa vyombo vinavyosanifu istilahi za Kiswahili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, hasa kuhusu nafasi ya Kirundi kama chemchemi ya istilahi hizo.

1.0 Utangulizi

Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, mjadala kuhusu Kiswahili nchini humu umejikita zaidi katika hadhi ya lugha: ifundishwe kuanzia darasa la ngapi, itumike katika ofisi gani, na isimame wapi mbele ya Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Swali la msamiati limepewa nafasi ndogo. Hata hivyo, mwanafunzi wa Buyenzi au Kinama hakutani na hadhi ya lugha anapofungua kitabu. Anakutana na maneno. Akiyakuta maneno ambayo hayajawahi kusikika sokoni, nyumbani wala redioni, huhitimisha kwamba Kiswahili cha kitabu ni lugha ya watu wengine.

Makala haya yanalitazama tatizo hilo kupitia kifaa kidogo. Kicheza muziki cha kubebeka kimechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, historia ya kuzaliwa na kuitwa kwake inajulikana vizuri. Pili, majina yake yalitoka katika vyanzo vitatu tofauti, ambavyo ni kampuni, serikali na wasemaji wa kawaida. Tatu, Bujumbura ni mahali ambapo vyanzo hivyo vitatu vinakutana: bidhaa za ng'ambo, urithi wa Kifaransa, na lugha mbili za Kibantu, Kirundi na Kiswahili, zinazozungumzwa mtaa kwa mtaa.

2.0 Asili ya kifaa

Kampuni ya Sony ya Japani ilikuwa tayari inauza kinasa sauti kidogo cha waandishi wa habari kilichoitwa Pressman. Masaru Ibuka, mmoja wa waasisi wawili wa kampuni hiyo, alitaka kifaa chepesi cha kusikilizia muziki katika safari zake ndefu za ndege. Mafundi wa idara ya vinasa sauti, chini ya Kozo Ohsone, walikichukua Pressman, wakaondoa sehemu ya kurekodi na kipaza sauti cha ndani, wakaongeza mfumo wa stereo na vipokea sauti vyepesi vya masikioni. Akio Morita, mwasisi wa pili, aliusimamia mradi huo kwa karibu. Kifaa cha kwanza, TPS-L2, kiliingia sokoni nchini Japani tarehe 1 Julai 1979 kwa bei ya yeni 33,000.

Ni muhimu kwa hoja yetu kusisitiza kwamba ubunifu huo ulihusu kupunguza. Ndani ya kampuni yenyewe kulikuwa na waliotilia shaka kama mteja angenunua mashine ya kaseti isiyoweza kurekodi. Mauzo ya mwezi wa kwanza yalikuwa madogo, lakini kabla ya mwisho wa Agosti shehena ya kwanza ya vifaa 30,000 ilikuwa imekwisha.

Haki ya uvumbuzi nayo ilibishaniwa. Andreas Pavel, Mjerumani aliyekulia Brazili, alikuwa ameomba hataza nchini Italia mwaka 1977 kwa kifaa cha stereo cha kuvaliwa mwilini alichokiita Stereobelt, yaani mkanda wa stereo. Mzozo wake na Sony ulidumu zaidi ya miaka 20 na kumalizika kwa maafikiano nje ya mahakama mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa mtafiti wa istilahi, tofauti ya majina hayo mawili inafundisha. Pavel alikitaja kitu kinachovaliwa. Sony ilimtaja mtu anayetembea. Jina la Pavel lilibaki katika nyaraka za mahakama, na la Sony likaingia katika kamusi.

3.0 Walkman: jina lililokataliwa na wenye lugha

Jina Walkman liliundwa na Wajapani kwa kutumia mofimu za Kiingereza na kwa mfano wa Pressman. Kwa sikio la mzawa wa Kiingereza lilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, mpangilio wake haukufuata mazoea ya kuunganisha kitenzi na nomino katika lugha hiyo. Pili, lilielekea kumtaja binadamu na si mashine. Kwa hiyo kifaa kilipopelekwa nje ya Japani kilipewa majina mengine: Soundabout nchini Marekani, Stowaway nchini Uingereza na Freestyle nchini Sweden.

Majina hayo matatu yalikuwa fasaha zaidi, lakini yalichelewa. Wasafiri waliokinunua kifaa nchini Japani walikuwa wamekwisha kulisambaza jina la kwanza kwa midomo yao, na wateja wa Ulaya wakawa wanaomba Walkman dukani. Kampuni iliyafuta majina ya kimaeneo na kurudi kwenye jina moja. Mwaka 1986 neno hilo liliingizwa katika kamusi ya Kiingereza ya Oxford. Kiambishi chake cha mwisho kikazaa ukoo mzima: Watchman kwa televisheni ndogo, Discman kwa kicheza diski na, mwaka 1998, MPMan, kicheza cha kubebeka cha faili za MP3 kutoka kampuni ya SaeHan ya Korea Kusini. Mofimu iliyoonekana kasoro ikawa kanuni.

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Austria iliamua kwamba neno hilo limekuwa jina la kawaida la aina yote ya vifaa hivyo, na hivyo mwenye alama akapoteza haki ya kuwazuia wengine kulitumia nchini humo. Hali hii si ngeni kwetu. Katika Afrika Mashariki, panadoli ni dawa yoyote ya kutuliza maumivu, Blue Band ni siagi yoyote ya mimea, na Kiwi ni rangi yoyote ya viatu. Lakini jina la alama ya biashara halifai kuwa istilahi ya kitabu cha shule au ya waraka wa serikali, kwa kuwa lina mwenyewe, na mwenyewe huyo anaweza kulidai au kuliacha. Sony ilipositisha utengenezaji wa Walkman za kaseti nchini Japani mwaka 2010, zaidi ya vifaa milioni 200 vilikuwa vimeuzwa, lakini kwa wasikilizaji wengi jina lenyewe lilikuwa limekwisha kuzeeka pamoja na kaseti.

4.0 Baladeur: jibu la dola

Ufaransa ililijibu jina hilo kwa njia yake ya kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mamlaka za istilahi za nchi hiyo zilipendekeza neno baladeur, kutokana na kitenzi chenye maana ya kutembea kwa starehe, mahali pa jina la Kijapani na Kiingereza. Neno hilo halikubuniwa kutoka hewani. Tayari lilitumika katika ufundi kwa sehemu zinazosogea, na umbo lake la kike lilitaja taa ya kubebwa mkononi ambayo kila fundi gari aliijua. Mamlaka zililipa neno la karakana kazi mpya.

Katika miaka ya kaseti, wasemaji wengi wa Kifaransa waliendelea kusema Walkman. Kaseti ilipotoweka, mambo yaligeuka. Neno Walkman lilikuwa limefungwa kwenye aina moja ya mashine na kwenye kampuni moja, ilhali baladeur halikutaja kaseti wala kampuni. Kwa hiyo likahamia bila taabu kwenye vicheza diski na kisha kwenye vicheza MP3. Jina la dola halikushinda kwa amri. Lilishinda kwa sababu lilikuwa limetaja kutembea, na watu hawakuacha kutembea.

Bujumbura, mji ambao shule na utawala wake vimetumia Kifaransa kwa miongo mingi, uliyapata majina yote mawili: moja kupitia bidhaa, jingine kupitia maandishi.

5.0 Ngendanwa: jibu la wasemaji

5.1 Uchanganuzi wa neno

Kirundi hakikuhitaji kupitia njia ya kampuni wala ya dola. Simu za mkononi zilipoenea, ziliitwa telefone ngendanwa. Kinyarwanda nacho kinasema telefone igendanwa. Leo ndiyo inayocheza muziki wa vijana wengi wa Bujumbura, ikiwa imechukua kazi ya kaseti, diski na kicheza MP3 kwa pamoja.

Muundo wa neno ni huu: mzizi -gend-, wenye maana ya kwenda au kutembea, kiambishi -an-, ambacho hapa kinaleta maana ya kuandamana, kiambishi cha kutendwa -w-, na kiishio -a. Maana ya jumla ni "kinachotembewa nacho". Mtembeaji ni mtu, na kifaa ni mwandani wake. Utata uliowasumbua wakosoaji wa Walkman, yaani kama jina linamtaja mtu au mashine, haupo hapa, kwa sababu sarufi yenyewe imeutatua: kiambishi cha kutendwa kimekiondoa kifaa katika nafasi ya mtenda.

Msemaji wa Kiswahili hutambua mara moja kwamba -gend- ni ndugu wa -enda. Hata hivyo udugu huo hauruhusu tafsiri ya moja kwa moja. Katika Kiswahili, kuendana kumekwisha kupata maana ya kulingana au kuchukuana, kama rangi mbili zinavyoendana. Na kuongeza kiambishi cha kutendwa baada ya -an- si desturi ya Kiswahili Sanifu. Ndiyo maana Kiswahili kilipita njia nyingine, ya kutaja mahali kifaa kinapokaa: simu ya mkononi. Lugha mbili ndugu zimeuona ukweli uleule, kwamba kifaa hakiachani na mtu, lakini moja imeusema kwa mnyambuliko wa kitenzi na nyingine kwa mahali.

5.2 Mawe na makaa

Ngendanwa si tukio la pekee. Betri kavu za redio na tochi huitwa amabuye, yaani mawe, katika Kirundi na Kinyarwanda. Na katika Kiluganda huitwa amanda, yaani makaa. Hakuna kamati iliyokaa kuyapitisha majina hayo. Aliyesema mawe alitaja uzito na ugumu mkononi. Aliyesema makaa alitaja rangi ya ndani na nguvu inayowaka kisha ikaisha. Yote mawili ni uchambuzi sahihi uliofanywa na watumiaji, na yote mawili yalipatikana mapema, wakati kitu kilipokuwa bado kigeni na mtu alihitaji kukiomba dukani.

6.0 Kiswahili kati ya majina hayo

Kiswahili nacho kina historia ndefu ya kuviita vyombo vya muziki. Kinanda, neno lililotumika kwanza kwa ala ya nyuzi, lilipanuliwa likataja ogani na hata gramafoni. Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo, sahani zilizorudi pwani zilikuja kuitwa santuri. Utepe wa sumaku uliitwa kanda, kwa kuufananisha na kipande kirefu chembamba cha ngozi au nguo. Mashine ya kurekodi iliitwa kinasa sauti, kutokana na kunasa: sauti inakamatwa kama ndege mtegoni. Hilo la mwisho ni jina la kupendeza, na lina kiambishi ki- kinachoonyesha wazi kwamba kinachotajwa ni chombo.

Kwa nini basi kifaa cha mwaka 1979 hakikupata jina la aina hiyo? Jibu liko katika sehemu ya pili ya makala haya. Majina mawili yaliyokuwapo, kinasa sauti na redio kaseti, yalikitaja kitu kwa kunasa au kwa kupokea matangazo. Kifaa kipya hakikunasa wala, katika umbo lake la kwanza, hakikupokea matangazo. Upungufu uliowatia shaka wahandisi ndio uliokiacha Kiswahili bila jina la kukipa. Wasemaji wakalikopa jina la kibiashara na kuliweka katika ngeli ya I-ZI: walkman yangu imeharibika, walkman hizi ni ghali.

Hapa jiografia ya Bujumbura inastahili kutajwa. Sehemu kubwa ya bidhaa za ng'ambo huufikia mji huu kutoka bandari ya Dar es Salaam, baadhi zikipita kwa reli hadi Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika. Kiswahili ndicho lugha ya njia hiyo. Soko kuu la Bujumbura, hadi lilipoteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, lilikuwa mahali ambapo bidhaa na jina lake vilishushwa pamoja. Mfanyabiashara wa Buyenzi aliyeuza kaseti na betri alikuwa msambazaji wa istilahi kabla ya kitabu chochote cha istilahi kumfikia. Tukitafuta mahali ambapo majina ya Kiswahili ya vifaa yaliamuliwa nchini Burundi, tuanzie mezani pake.

7.0 Mafunzo na mapendekezo

Ulinganisho huu unatoa mafunzo matatu.

La kwanza linahusu wakati. Soundabout, Stowaway na Freestyle hayakushindwa kwa ubaya wake. Yalishindwa kwa kuchelewa. Kiswahili kina mifano yake. Tarakilishi ni neno lililoundwa kwa fikra nzuri, likafundishwa shuleni nchini Kenya, lakini kompyuta lilikuwa limekwisha kukaa midomoni, hasa Tanzania. Kinyume chake, barua pepe lilitolewa wakati watumiaji wengi walikuwa bado hawajakizoea kitu chenyewe, na likashika. Orodha ya istilahi inayotolewa miaka 10 baada ya kifaa kuingia sokoni ni kumbukumbu. Haiwezi tena kuwa mwongozo.

La pili linahusu kigezo cha uteuzi. Majina yanayotaja malighafi, kama kaseti na kanda, huzeeka na malighafi hiyo. Majina yanayotaja alama ya biashara hufungwa kwa mwenye alama. Majina yanayotaja jinsi mtu anavyohusiana na kifaa, kama baladeur, ngendanwa na simu ya mkononi, huvuka mabadiliko ya teknolojia. Kigezo hiki ni rahisi kutumika katika kikao chochote cha istilahi: pale ambapo majina mawili yanashindana na yote yanajulikana na wasemaji, ateuliwe mrithi anayetaja matumizi.

La tatu linahusu chanzo. Kiswahili Sanifu kimewahi kunufaika na lugha nyingine za Kibantu. Neno kung'atuka, lililoenezwa na Julius Nyerere alipojiandaa kuacha urais mwaka 1985, lilitoka katika Kizanaki na sasa halihitaji maelezo Nairobi wala Bujumbura. Kizanaki ni lugha yenye wasemaji wachache. Kirundi kinazungumzwa na takriban Warundi wote, na pamoja na Kinyarwanda na Kiha kinaunda eneo pana la lugha zinazoelewana kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo mchango wa eneo hilo katika istilahi za Kiswahili ni mdogo kuliko ukubwa wake.

Kutokana na mafunzo hayo, makala yanapendekeza yafuatayo. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, kwa kushirikiana na mabaraza ya kitaifa kama vile BAKITA, BAKIZA na wenzao wa Burundi, iweke utaratibu wa kukusanya majina ya vifaa vipya katika masoko, vituo vya redio na karakana za miji ya mpakani, Bujumbura ikiwamo, kabla ya kuunda majina mapya. Pili, kila istilahi inayopendekezwa iambatane na maelezo mafupi ya neno linalotumika kwa kitu hicho katika Kirundi na lugha nyingine jirani, ili kamati ione njia ambazo wasemaji wamekwisha kuzipita. Tatu, waandishi wa vitabu vya Kiswahili kwa shule za Burundi wapewe uhuru wa kuliweka neno linalojulikana mtaani kando ya neno sanifu katika miaka ya mwanzo ya masomo. Mtoto anayeijua betri kwa jina la jiwe hana upungufu wa kusahihishwa. Ana sitiari ambayo mwalimu anaweza kuianzia.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Yawezekana kudaiwa kwamba kuzifungulia mlango lahaja na lugha za jirani kutavunja usanifu uliojengwa tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930. Hofu hiyo ina msingi: bila neno moja la pamoja, mkataba wa kikanda hauandikiki. Lakini usanifu ni uteuzi, na uteuzi huhitaji kuwa na vitu vya kuchagua. Kinachopendekezwa hapa ni kupanua mahali ambapo vitu hivyo vinatafutwa. Idadi ya maneno yatakayobaki mwisho wa safari haibadiliki.

8.0 Hitimisho

Kifaa kilichozinduliwa Tokyo mwaka 1979 kimekwisha kutoka mikononi mwa watu wengi, lakini swali lililoletwa na jina lake limebaki. Kampuni ililitaja tendo la kutembea kwa Kiingereza kilichoonekana kibovu, na wateja wakalipokea. Dola ililitaja tendo hilohilo kwa neno la karakana, na muda ukalipa neno hilo haki yake. Wasemaji wa Kirundi walilitaja kwa mnyambuliko wa kitenzi chao wenyewe, bila kuomba idhini. Kiswahili nchini Burundi kimezungukwa na njia zote tatu. Watunga sera wakiendelea kusubiri orodha iliyokamilika kutoka mbali, soko litaendelea kutoa majina, na shule itaendelea kufundisha mengine. Wakianza kulisikiliza soko mapema, mwanafunzi wa Buyenzi atakifungua kitabu chake cha Kiswahili na kukuta kwamba ameshalisikia neno la kwanza nyumbani kwao.